Njugu na Kaniki: shajara ya kuwahamisha mbwa na paka kutoka Nakuru hadi Jinja

4 Mei, Nakuru

Mume wangu amepata kazi Jinja, Uganda, na ametangulia. Mimi na binti yetu wa miaka 9 tutamfuata shule zikifungwa mwezi wa Agosti. Njiani tutakaa wiki mbili Kisumu kwa mama mkwe, ndipo tuvuke mpaka wa Busia. Wanyama ni wawili: Njugu, mbwa dume wa miaka minne, rangi yake ni ya njugu zilizokaangwa, na Kaniki, paka jike wa miaka miwili, mweusi kutoka pua hadi mkia.

Kila ninayemweleza ananipa ushauri uleule. Mbwa mwachie mlinzi wa ploti, paka atajitafutia. Nimewashukuru, nimekataa. Njugu alikuja kwetu akiwa anaingia kwenye kiganja, na usiku ule mwizi aliporuka ukuta wa nyuma ndiye aliyesimama kati yake na mlango wa chumba cha mtoto. Mnyama aliyekulindia nyumba humwachi langoni ukiondoka na vyombo.

Ninaandika shajara hii kwa sababu nilipoanza kuulizia, kila mtu aliniambia "tafuta vet akupe barua", basi. Nataka atakayenifuata akute njia imefyekwa kidogo.

7 Mei

Kliniki. Nilienda na kadi ya chanjo ya Njugu nikiwa na imani nayo. Alichanjwa kichaa cha mbwa mwaka jana katika kampeni ya mtaani, ile ya watoto kupanga foleni na mbwa wamefungwa kamba za sisal. Daktari akaigeuza kadi, akaisoma mbele na nyuma, akauliza, "Mama, jina la chanjo liko wapi? Na nambari ya bechi?" Havikuwepo. Palikuwa na muhuri, tarehe na maneno matatu: mbwa, dume, kahawia.

Akaniambia kwa upole kwamba maneno hayo matatu yanaeleza nusu ya mbwa wa Nakuru. Afisa wa mpakani hana namna ya kujua kama kadi ni ya mbwa huyu au wa jirani, wala kama kilichomo kwenye ile sindano ni chanjo iliyosajiliwa. Sikubishana naye. Kampeni zile zinaokoa maisha: ikifika mbwa 7 kati ya 10 wana kinga, kichaa hukosa njia ya kusambaa, na Kenya ina mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuumaliza kabisa ugonjwa huu kwa binadamu. Ila kadi yetu haikuandikwa kwa ajili ya kusafiri, na aliyeijaza siku ile alikuwa na mbwa mia wanaomngoja. Kwetu sisi ilimaanisha kuanza upya.

Na kuanza upya kuna mpangilio wake. Chipu kwanza, chanjo baadaye. Ukigeuza, chanjo inakuwa imetolewa kwa mnyama asiye na jina, na kuna nchi ambazo zitakwambia uirudie. Chipu yenyewe ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, huwekwa chini ya ngozi kati ya mabega kwa sindano nene kuliko ya kawaida. Njugu alishtuka mara moja, akageuka kumlamba daktari mkono. Haina betri na haiwezi kukuonyesha mbwa alipo. Nimekuta wengi wanadhani ni kama simu. Iko kimya mpaka mashine ya kusomea ipitishwe juu yake, ndipo inatoa nambari yenye tarakimu 15. Daktari alihakikisha ni ya kiwango cha kimataifa cha ISO, ili mashine ya nchi nyingine iweze kuisoma, akaisoma kabla ya kuiweka na akaisoma tena ikiwa ndani. Mwombe wako afanye hivyo mara zote mbili.

Ndipo chanjo. Aliitoa kwenye kijisanduku cha barafu chenye kipimajoto, akanionyesha: kati ya nyuzi 2 na 8. Kibandiko cha chupa kikabanduliwa, kikabandikwa kwenye kadi mpya pamoja na kibandiko cha chipu. Kaniki naye akafanyiwa vivyo hivyo. Wengi husahau kwamba paka pia hupata kichaa na huambukiza.

8 Mei

Leo nimekaa mezani na kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu. Nimeweka 17 Agosti kuwa siku ya kuvuka, kisha nikahesabu kurudi nyuma. Hapo ndipo nilipoelewa mradi huu ni wa namna gani. Nilidhani ni wa kukusanya karatasi. Kumbe ni wa kuzipanga, maana kila karatasi inasubiri nyingine na nyingine haikai muda mrefu bila kuchacha.

Cheti cha afya cha kutoka Kenya ndicho cha mwisho kabisa, kwa sababu kinasema mnyama ni mzima sasa, na "sasa" haidumu. Lakini cheti hicho lazima kijibu masharti yaliyoandikwa kwenye kibali cha kuingiza cha Uganda. Kwa hiyo kibali cha unakokwenda hutangulia cheti cha unakotoka. Na kibali nacho kinaombwa ukiwa tayari na kadi ya chanjo, na chanjo inahitaji muda mwilini kabla haijahesabika. Tumejipa si chini ya mwezi mzima ili pasiwe na mjadala. Mtu akianza na cheti kwa sababu ndicho kinachopatikana karibu, anajikuta nacho mkononi kimepitwa na wakati huku kibali bado hakijatoka.

Kama ningesubiri hadi Julai ndipo niigundue kadi mbovu, tungevuka bila Njugu.

15 Mei

Fundi wa mbao ameanza kizimba cha kumsafirishia Njugu. Nilimpelekea vipimo vilivyoandikwa, kwa njia inayotumika kwenye ndege, ingawa sisi hatupandi ndege. Ni njia nzuri kwa sababu inamfikiria mnyama anavyosimama. Pima kutoka ncha ya pua hadi mkia unapoanzia, ongeza nusu ya urefu wa mguu wa mbele kutoka chini hadi kwenye kiwiko: huo ndio urefu wa ndani. Upana ni mabega mara mbili. Kimo ni kutoka chini hadi ncha ya sikio akiwa amesimama, ukiongeza unene wa tandiko. Kwa Njugu ilitoka sentimita 89, 40 na 64. Anapaswa kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala amenyoosha miguu. Kizimba kikubwa mno nacho ni kibaya, gari likifunga breki anarushwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

20 Mei

Kizimba kimefika na nimekirudisha. Ncha za waya zilikuwa zimeachwa zimechomoza kwa ndani, na kitasa kilikuwa cha mlango wa kabati. "Fundi, huyu ana kilo 19 na akiogopa anasukuma kwa bega." Amekubali, ataweka komeo mbili na apige msasa kila kona. Matundu ya hewa yako pande zote nne, hilo alilifanya vizuri sana.

22 Mei hadi 20 Juni

Naandika siku hizi kwa pamoja kwa sababu zilifanana, na kwa sababu ndizo kiini cha kazi yote. Karatasi zinanunulika. Mbwa kukubali kulala kwa utulivu ndani ya sanduku hakununuliki.

Wiki ya kwanza kizimba, kikiwa kimesharekebishwa, kilikaa sebuleni bila mlango. Hatukumwita, hatukumsukuma. Binti yangu alikuwa akidondosha kipande cha mfupa ndani akipita, kama kwa bahati mbaya. Siku ya tatu Njugu aliingiza kichwa, siku ya tano akaingia mzima akatoka mbio. Wiki ya pili tulianza kumlisha humo, sahani ikisogezwa nyuma kidogo kila siku. Mlango tuliurudisha wiki ya tatu, na hapo nilikosea: siku ya kwanza tu niliufunga kwa robo saa kwa sababu nilikuwa na wageni. Alipiga miayo mfululizo, akajilamba midomo, mate yakamdondoka. Nilidhani ana usingizi na njaa. Daktari alinieleza kwenye simu kwamba hiyo ndiyo lugha ya mbwa mwenye hofu, miayo na kulamba midomo huja mapema sana kabla ya kulia. Tulirudi nyuma siku nne. Mlango wazi, kisha kufungwa kwa kuhesabu hadi kumi, kisha dakika, kisha muda wa chai.

Tarehe 20 Juni nilimkuta amelala humo mchana mwenyewe, mlango wazi, miguu juu. Nilikaa chini sebuleni nikamtazama kwa muda mrefu.

Kaniki hakuwa hivyo. Paka haogopi sanduku tu, anakumbuka lilikompeleka. Kikapu chake cha plastiki alikuwa amekiona mara moja maishani, siku ya sindano, na kila nilipokitoa stoo alipanda juu ya kabati. Suluhisho lilikuwa kukifanya kiwe kitu cha kila siku. Nilitoa sehemu ya juu, nikaacha ya chini kama kitanda, nikatandika leso yangu kuukuu ambayo huwa analalia. Baada ya wiki mbili aliihamia. Nikarudisha kifuniko, akasusa siku tatu, akarudi. Nimejifunza pia kukifunika kikapu kwa kitambaa ninapokibeba: paka asipoona, nusu ya hofu inaondoka.

Watu wawili wameniambia niwape dawa ya usingizi nimalize kelele. Daktari amekataa kabisa. Dawa hizo hushusha shinikizo la damu na kumzuia mnyama kurekebisha joto lake mwilini, na aliyelala hawezi kukuambia kwamba anazidiwa. Mashirika mengi ya ndege hukataa mnyama aliyelishwa dawa hizo, kwa sababu hiyohiyo.

28 Juni

Jirani yetu wa ghorofa ya pili anahamia Uholanzi na mbwa wake. Alikuja kunitazama nilivyopanga kalenda, nikamkuta hajui kuhusu kipimo cha damu, kile kinachoonyesha kama chanjo ya kichaa imeleta kinga. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unazisamehe kipimo hicho. Kwa hiyo: chipu, chanjo ya kichaa, kungoja angalau siku 30, damu ichukuliwe na daktari na ipelekwe kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo, na kinga ionekane imefika 0.5 kwa kipimo chao. Kisha miezi mitatu kamili ya kungoja, ikihesabiwa tangu siku damu ilipotolewa. Baada ya hapo ndipo cheti, nacho ni cha siku 10 hadi kufika. Ukijumlisha, ni zaidi ya miezi minne. Tiketi yake ni ya Septemba.

Alikaa kimya, akauliza kama kuna njia ya mkato. Hakuna, na nilimwambia wazi, maana kumficha kungemuumiza zaidi uwanja wa ndege. Ameamua mbwa abaki kwa dada yake Njoro hadi muda utimie. Angekuwa anaenda Uingereza angeongezewa na dawa ya tegu, ambayo hutolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, si mapema zaidi wala kuchelewa.

6 Julai

Mume wangu amepeleka maombi ya kibali kwenye Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi ya Uganda, ofisi zao ziko Entebbe. Nilimtumia picha za kadi zote, chipu, na picha ya kila mnyama akiwa amesimama ubavu.

12 Julai

Safari ya majaribio, Nakuru hadi Salgaa na kurudi, kwa Probox ya dereva tuliyemkodi, ileile itakayotupeleka Kisumu. Njugu alitapika kabla hatujamaliza kilomita 15. Kosa langu: alikuwa amekula saa moja kabla. Sasa kanuni yetu ni chakula cha mwisho saa nne kabla ya kuondoka, maji kidogo kidogo yanaruhusiwa. Tulirudia tarehe 19 na 26 akiwa hajala, hakutapika. Kizimba kimelazwa nyuma ya viti na kufungwa kwa kamba nne za mpira, maana ile tu hisia ya sakafu kuteleza ndiyo inayomchafua tumbo.

30 Julai

Kibali kimetoka. Nimekichapa nakala tatu na kusoma kila sharti kwa kidole.

3 Agosti, Nakuru hadi Kisumu

Tumeondoka saa 11 alfajiri, kwa makusudi, ili bonde la Kano tulipite kabla jua halijakaa utosini. Leo hatuvuki mpaka, lakini nimebeba faili lote. Mnyama asiye na kadi ni mgeni hata ndani ya nchi yake, na ukiwa na mbwa garini ni vizuri barua ya daktari iwe karibu na mkono.

Wengi huwaza joto tu, lakini njia hii ni ya baridi kwanza. Mau Summit palikuwa na ukungu unaokata, na Kaniki alikuwa amejikunja kama kifundo. Nilimfunika blanketi ya mtoto, nikaacha uwazi mbele. Kuanzia Nakuru hadi Londiani alilia sauti moja, ndefu, isiyokatika. Binti yangu alimsomea kitabu chake cha hadithi kwa sauti hadi Kericho, na kwa kweli kilio kilipungua. Sijui ni hadithi au ni uchovu, ila aliyesoma anaamini ni hadithi na mimi simpingi.

Kericho tulisimama dakika 20. Njugu alishuka na mkanda wa kifuani na kamba mbili, moja mkononi mwangu na nyingine kiunoni. Kaniki hatukumfungua hata kidogo. Paka akitoka mlangoni pa gari kwenye mji asioujua, safari yenu imeisha hapo, mtabaki kumtafuta.

Baada ya Awasi hewa ilibadilika kama mtu aliyefungua tanuri. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliuliza tunabeba nini kinachohema hivyo. Alionyeshwa, akacheka na Njugu, akatupungia. Lakini kule kuhema kulikuwa kumeanza kunitia wasiwasi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hupoza damu kwa kutweta. Akitweta bila kupumzika, ufizi ukawa mwekundu sana na mate yakawa mazito, hiyo ni dharura. Tulisimama Ahero chini ya mti, tukamlowesha tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida, si ya barafu, milango yote wazi. Dakika kumi akatulia. Kama ningekuwa nimeegesha nikaingia dukani na kumwacha garini na vioo juu, nisingeandika mistari hii.

4 hadi 13 Agosti, Kisumu

Mama mkwe ametupokea vizuri. "Karibu, nyar Nakuru, binti wa Nakuru. Huyo mbwa analala wapi?" Nilijua swali litakuja. Kwake mbwa ni wa nje, na nyumba ni yake. Kizimba kimewekwa varanda, upande wa upepo wa ziwa, kimefunikwa neti. Njugu ameingia mwenyewe jioni ya kwanza na kulala. Kazi yote ya Mei na Juni ilikuwa kwa ajili ya usiku huo: nyumba ni ngeni, harufu ni ngeni, watu ni wapya, ila kitanda ni kile kile.

Jambo moja lilihitaji heshima kubwa. Mama alitaka kumkaribisha Njugu kwa omena, dagaa wa ziwani. Nilibeba kutoka Nakuru chakula alichokizoea cha kumtosha wiki tatu, kwa sababu kubadili chakula ghafla wakati wa safari huleta kuharisha, na mbwa anayeharisha hapewi cheti cha afya. Nilimweleza, "Mama, daktari atamkagua wiki ijayo, tusimpe sababu." Akaelewa, akaanza yeye mwenyewe kuwafukuza watoto wa jirani wenye mikate. Baadaye aliniita pembeni, "Nyathina, mwanangu, kumbe hawa mnawachunga kama watoto wa shule."

Kupe huku ni wengi kuliko kwetu. Kila jioni napitisha vidole masikioni, kwapani, kati ya vidole vya miguu. Tarehe 6 niliwatoa watatu. Homa ya kupe humkuta mbwa wa mlimani akiwa mpya kabisa katika nyanda hizi. Daktari wa hapa alinitahadharisha pia juu ya mbung'o upande wa Busia: mbwa huambukizwa nagana, malale ya wanyama, na dalili mojawapo ni jicho kuingia ukungu wa buluu. Kwa hiyo siku hizi namtazama Njugu machoni kila asubuhi, kwenye mwanga.

14 Agosti

Daktari amewakagua wote wawili: joto, mapafu, ngozi, dawa ya minyoo na ya kupe. Ameandika barua ya afya. Usiku, kabla sijapanda basi la Nairobi, nilimwomba binti yangu anisomee zile tarakimu 15 kutoka kwenye kadi huku nikifuata kwenye barua. Tulifika ya kumi na moja, akasema saba, mimi nikaona moja. Tulirudia mara tatu. Barua ilikuwa na kosa. Nilimpigia daktari saa 2 usiku, akatukuta kliniki, akaandika upya na kuomba radhi. Simlaumu, tarakimu 15 ni nyingi mwisho wa siku ya kazi. Lakini someni kwa sauti, watu wawili, kila nambari kwenye kila karatasi.

15 Agosti, Kabete

Asubuhi nilikuwa Kabete, Nairobi, makao ya Idara ya Huduma za Mifugo, na faili langu: kadi, barua, kibali cha Uganda. Afisa aliweka kibali upande mmoja na kadi upande wa pili, akasoma sharti baada ya sharti. Hakuuliza swali hata moja kuhusu chanjo, kibandiko kilijibu. Cheti kikatoka na sahihi na muhuri. Nimerudi Kisumu kwa basi la jioni na bahasha ndani ya blauzi.

17 Agosti, Busia

Tulipita Maseno kabla jua halijapanda, binti akipunga mkono kwenye alama ya ikweta, kisha Luanda, Yala, Ugunja, Bumala. Kaniki hakulia. Hata mara moja.

Gari letu halikuvuka. Mume wangu alikuwa na gari la kukodi upande wa pili, kwa hiyo kizimba kitupu na masanduku vilipanda mkokoteni, Kaniki nikambeba kifuani amefunikwa leso, na Njugu akatembea kwa miguu yake. Malori yalikuwa yamepanga mstari usioonekana mwisho, pikipiki zinapita kila upande. Huu ndio mji ulioipa bodaboda jina lake, mpaka kwa mpaka, na honi zake si za mbwa mwenye roho nyepesi. Nilimpitisha ukutani, mimi nikiwa kati yake na barabara.

Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa Februari 2018, na maana yake kwa msafiri ni kwamba unakaguliwa upande unaoingia tu, maafisa wa Kenya na Uganda wakiwa chini ya paa moja. Uhamiaji kwanza, kisha ofisi ya mifugo. Afisa wa Uganda, mama mtu mzima mwenye miwani kwenye kamba, alinyoosha karatasi zote mezani kama karata. Akachukua kibali, akasoma nambari ya chipu. Akachukua cheti, akasoma nambari. Akachukua kadi, akasoma nambari. Kidole chake kilipofika kwenye ile tarakimu ya kumi na moja binti yangu alinishika mkono.

"Huyu ndiye Njugu?" akauliza. Njugu, kwa kusikia jina lake, akapiga mkia sakafuni. Mihuri ikagongwa.

19 Agosti, Jinja

Njugu hakula siku ya kwanza. Jana amekula nusu. Leo amemaliza sahani, amezunguka ua, amechagua kivuli cha mwembe. Maji tunamchemshia kwa wiki hii.

Nimeshamtafuta daktari wa hapa na kumwonyesha kadi, na kwenye kalenda mpya nimeandika 7 Mei, siku ambayo chanjo zao zinatimiza mwaka; ikipita hata kwa siku moja, tunarudi mwanzo. Desemba tunatamani kwenda Kisumu kwa Krismasi pamoja nao, na hiyo ni safari kamili kwa upande wa pili: kibali cha kuingiza kutoka Kenya, cheti cha afya kutoka Uganda. Nimeanza kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 20.

Kaniki alikuwa chini ya kitanda tangu tufike. Tumemwachia chumba kimoja tu, sanduku la mchanga, maji, ile leso, na kikapu kikiwa wazi. Usiku wa kuamkia leo, kama saa 8, niliamka nikasikia punje za chakula zikivunjwa taratibu gizani. Sikuwasha taa.